Sauti ya Rispa yaenda mahakamani ikiuza dawa ya panya

Saa moja asubuhi Kariobangi, na Rispa Awino anapanga soksi.

Anaanza na za watoto wachanga, kisha za shule, kisha za wanaume. Kila jozi anaipigapiga kwenye paja kabla ya kuilaza mezani, kama anayemwamsha mtoto. Jirani yake Nduta, muuza mapazia, amekwisha kumletea chai ya maziwa kwenye kikombe cha plastiki. Ng'ambo ya barabara mafundi wa mabati wameanza kugonga. Wauzaji wanawasha vipaza sauti vyao kimoja kimoja, na soko linaamka na maneno yake ya kila siku: viazi, slipa, chaja za simu.

Rispa hainui kichwa. Anangoja.

Halafu inasikika, kutoka upande wa stendi. Sauti ya mwanamke, nene, iliyojaa kifua, yenye kicheko ndani yake.

"Panya! Mende! Kunguni! Wanakaa kwako na hawalipi kodi? Leo wanahama! Panya akionja, anaaga familia! Mende akinusa, anasahau njia ya kwao! Hamsini tu, mama, hamsini! Usilale na wageni ambao hukuwaalika!"

Sauti hiyo ni ya Rispa mwenyewe. Inatoka kwenye kipaza sauti kilichoning'inia begani mwa Mzee Luseno, muuza dawa ya panya, ambaye kila asubuhi hupita mbele ya meza hii kabla ya kuanza mizunguko yake. Akifika hapa hupunguza mwendo. Rispa humpungia mkono, naye Luseno huendelea na safari. Hawana mazungumzo mengine.

Leo kipaza sauti kinafika "Mende akinusa, anasahau", na kunyamaza.

Luseno anakipiga kofi. Anakipiga la pili. Rispa ameshasimama, soksi ziko mkononi, mdomo wazi. Anajaribu kumwita mzee. Kinachotoka ni pumzi yenye mikwaruzo, kama ya mtu anayepuliza jiko la makaa.

"Imezima?" Nduta anauliza kwa niaba yake.

"Imezima," Luseno anajibu, rangi imemtoka. "Woi, Mama Whitney. Imezima kabisa."

Leo ni Jumanne. Alhamisi kipaza sauti hicho kinatakiwa mahakamani, kwa sababu sauti iliyomo ndani yake ndiyo pekee iliyobaki ya mwanamke ambaye kwa miaka kumi na minane aliwauzia watu bidhaa zao kwa mdomo, na ambaye sasa anadai fidia ya mdomo huo.

Ukimtaja Rispa Awino kwa jina lake kamili, wengi hapa watakuuliza ni nani. Ukisema Redio, utaelekezwa mpaka mezani.

Alikuwa mnadi wa kukodiwa. Mfanyabiashara akifungua robota la mitumba na kutaka liishe kabla ya adhuhuri, alimtuma mtu amwite Redio. Buchari mpya, duka la nyama, ikifunguliwa mtaa wa Lucky Summer, Redio alisimama mlangoni tangu asubuhi. Na msimu wa mavuno ulipofika, makanisa yalipouza kuku, maboga na miwa baada ya ibada ili kuchanga pesa za ujenzi, wachungaji walimgombania.

"Kuku mmoja niliwahi kumuuza mara nne," anasimulia. Anazungumza kwa kunong'ona, akipumzika kila baada ya maneno machache ili avute hewa. "Kila anayemnunua anamrudisha kwa Bwana, namuuza tena. Yule kuku alijenga choo cha kanisa."

Kazi hiyo aliianza akiwa mtoto. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli na familia iliishi Makongeni. Mama yake aliuza omena, dagaa wa ziwani, mlangoni ili mshahara wa reli usikatike kabla ya mwisho wa mwezi, lakini alikuwa na haya.

"Alikaa na omena zake kama mtu anayezificha," anasema Rispa. "Nikiwa darasa la pili nikaanza kumwitia wateja. Mama akawa anajifunika uso kwa leso. Lakini omena zikawa zinaisha."

Vipaza sauti vya kurekodia vilipoingia sokoni, watu walimwonea huruma, wakidhani mkate wake umeota mbawa. Ikawa kinyume. Wauzaji walipanga foleni wamrekodie maneno. Muuza viazi alitaka yake, muuza slipa yake, hata kinyozi. Rispa hakumpa mtu maneno ya mwenzake. Alikwenda kwanza kwenye kibanda, akaangalia mali, akaangalia wateja wanavyopita, akauliza maswali mawili matatu, ndipo akafungua mdomo. Siku nzuri alirudi nyumbani na shilingi elfu mbili. Kwa pesa hizo alimsomesha bintiye Whitney mpaka kidato cha nne, peke yake.

Ilifika wakati, Nduta anakumbuka, ambapo mtu angeweza kutembea kutoka mwanzo wa soko hadi mwisho wake akisindikizwa na Rispa mmoja tu.

"Unatoka kwa viazi, ni yeye. Unafika kwa slipa, ni yeye. Na yeye mwenyewe amekaa hapa anakunywa chai, kimya," Nduta anasema akicheka. "Wageni walikuwa wanachanganyikiwa."

Miaka mitatu iliyopita, uvimbe ulioanza kidogo shingoni mwake ulikuwa umekuwa rovu la kutosha kumkaba akilala chali. Hakuwa na maumivu. Katika hospitali moja ya kibinafsi huku Eastlands aliambiwa ni upasuaji wa kawaida, siku mbili, yuko nyumbani. Chama chake cha akiba kikachanga. Jumamosi kabla ya kwenda kulazwa, kazi ya mwisho aliyoifanya ilikuwa kumrekodia Mzee Luseno tangazo la dawa ya panya.

"Alinichekesha sana siku hiyo," anasema Luseno. "Aliniuliza, 'Mzee, huyu panya akishaonja, anafanya nini?' Nikamwambia anakufa. Akasema hapana, hilo ni baya, watoto watasikia. Tumwambie anaaga familia."

Jumanne iliyofuata alipasuliwa.

"Nilipoamka nikamwita nesi," Rispa anasema. "Nesi haniangalii. Nikaita tena. Nikadhani ana masikio mabovu, masikini."

Aliambiwa sauti itarudi baada ya wiki tatu. Kisha akaambiwa miezi mitatu. Hatimaye daktari bingwa katika hospitali ya umma alimpitishia puani kamera nyembamba, akamwonyesha kwenye kioo: nyuzi mbili za sauti, moja ikicheza, nyingine imelala. Mshipa wa fahamu unaoiamuru hiyo ya pili ulikuwa umekatwa wakati rovu likitolewa.

"Niliiangalia ile iliyolala," anasema. "Nikaihurumia. Nilikuwa nimeitumia sana."

Kurudi kwake sokoni ndiko ambako hata leo watu wa hapa hawapendi kuzungumzia.

Habari ilikuwa imemtangulia. Siku moja kabla hajarudi, wauzaji walikutana kwenye kibanda cha Nduta. Katika nyumba nyingi za watu hawa, kukiwa na msiba, redio huzimwa na hakuna anayepiga muziki mpaka marehemu azikwe. Waliona hili halina tofauti.

"Mimi ndiye niliyeanza kusema," anakiri Nduta. "Nikawaambia, mtu ametoka hospitali hana sauti, afike hapa aisikie inauza viazi kila upande? Si tutamuua? Kila mtu akaona ni kweli. Tukafuta."

Walifuta zote. Jioni ile ile kila mtu alirekodi upya, wengine kwa sauti zao, wengine kwa sauti za wapwa wao. Kwa heshima, na kwa mapenzi, Kariobangi iliondoa kila neno la Redio.

Rispa alifika asubuhi na soksi alizonunua kwa mtaji aliokopeshwa na bintiye. Akakaa. Akasikiliza. Kutoka kila upande, sauti za watu wengine.

"Nikajiambia, sawa, wamenisahau haraka," anasema. "Sikuwalaumu. Biashara haingoji mtu."

Hakumwambia mtu. Nao hawakumweleza, kwa kuwa waliona kulitaja jambo lenyewe ni kumtonesha kidonda. Nduta alianza kumletea chai kila asubuhi, na kuwatajia wateja bei ya soksi pale Rispa aliposhindwa kusikika. Miaka miwili ikapita hivyo, wawili hao wakikaa bega kwa bega, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lile lile.

Mapato ya Rispa yalishuka hadi shilingi mia nne kwa siku, na siku za mvua hayakufika hapo.

Kesi ilianza kwa kusukumwa na Whitney, ambaye sasa ana miaka ishirini na minne na hufungasha biskuti katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Alimpeleka mama yake kwa Ndinda, wakili kijana anayetoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Hospitali ilipinga mwanzoni, lakini ripoti ya daktari bingwa ilipowekwa mezani, ikaacha kubisha kwamba mshipa ulikatwa kimakosa. Ikajitolea kumrudishia Rispa gharama za upasuaji, mambo yaishe.

Lakini ilikataa kumlipa fidia ya kipato alichopoteza. Kipato gani?

Hapo ndipo Rispa mwenyewe alipojikwaa. Mara ya kwanza kusimama mbele ya hakimu aliulizwa kazi yake. Akainamisha kichwa, akajibu kama wanavyojibu wanadi wote wa Eastlands wanapoulizwa na watu wenye suti.

"Mimi hupiga tu kelele sokoni."

Wakili wa hospitali akaandika. Na alipopewa nafasi ya kujibu, hakuhitaji kutafuta mbali. Mlalamishi mwenyewe, alisema, ameieleza mahakama kwamba alikuwa akipiga kelele. Kelele haina hati ya mshahara. Na kama sauti hiyo ilikuwa mali kama anavyodai wakili wake, basi iko wapi? Mahakama isikilizishwe.

"Nilitoka pale nikitabasamu," anakumbuka wakili Ndinda. "Nilijua nikienda Kariobangi nitapata vipaza sauti hamsini."

Alifika sokoni saa sita mchana, akasimama katikati ya vibanda na kuuliza nani ana rekodi ya Redio. Muuza viazi akaangalia viazi vyake. Kinyozi akazima mashine. Nduta akakaa chini kwenye mapazia na kuanza kulia.

"Tulifuta, wakili," alisema. "Tulifuta zote. Ni mimi."

Rispa alikuwa amesimama hapo hapo. Ndivyo alivyojua kwamba hakusahauliwa.

"Nilimshika Mama Jacky mkono," anasema, akimtaja Nduta kwa jina la mtoto wake. "Yeye analia kwa sababu wamefuta. Mimi nalia kwa sababu nimejua kwa nini. Wakili akatuangalia sisi wawili, akasema, 'Mama, na kesi?'"

Video za simu zilipatikana mbili, zote za kanisani, na katika zote mbili kwaya ilikuwa imemfunika.

Kesi ilikaa hivyo hadi siku moja mwezi wa tano. Whitney alikuwa amekaa nje ya lango la kiwanda wakati wa chakula, anakula chapati na maharagwe na wenzake. Kutoka vichochoro vya Mukuru kwa Reuben, mbali kidogo, akamsikia mama yake.

"Chapati ilidondoka," anasema. "Niliambia Tiffany, rafiki yangu, 'Huyo ni mathe.' Akaniambia, 'Zii, huyo ni mtu wa panya.' Nikakimbia nikiwa na aproni."

Aliifuata sauti kwa kona tatu nne, akaipoteza penye kinu cha kusaga, akaipata tena. Alimkuta Mzee Luseno akimpimia mwanamke mmoja dawa kwenye karatasi.

"Mzee, hiyo sauti ni ya mama yangu."

"Najua," Luseno alimjibu. "Ndiyo maana nimekuja kuuzia huku."

Luseno, ambaye ana miaka hamsini na tisa na aliwahi kuwa kibarua wa baraza la jiji, alikuwa kwenye mkutano ule wa kibanda cha Nduta. Aliafiki kama wengine. Lakini alipofika nyumbani na kukishika kipaza sauti chake, kidole kilikataa. Badala ya kuifuta sauti ya Rispa, aliihamisha. Kwa miaka miwili aliacha wateja wake wote wa Kariobangi na kupanda matatu kila asubuhi kwenda upande mwingine wa mji, mahali ambapo Rispa asingeisikia.

Kila akiulizwa sababu, ana jibu lake lile lile. "Mimi sijui kubonyezabonyeza hizi mashine."

Siku Luseno aliporudi Kariobangi na sauti hiyo, Whitney akiwa mbele kama anayesindikiza bibi harusi, wauzaji walizima vipaza sauti vyao. Rispa alisikiliza tangazo lote kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akamwomba Luseno, kwa ishara, apite hapo kila asubuhi.

Ndiyo maana Jumanne hii, kipaza sauti kilipokatika katikati ya neno, hakuna aliyebaki kwenye kibanda chake. Wakili Ndinda anayo nakala kwenye simu, lakini upande wa hospitali umeikataa, ukidai mtu yeyote anaweza kutengeneza sauti siku hizi. Wametaka chombo chenyewe kiletwe, kiwashwe mbele ya hakimu.

Msafara unaelekea kwa fundi Kimani, mtengenezaji wa redio na spika, watu kama ishirini wakisukumana kwenye mlango wa mita moja.

"Nipeeni hewa, jamani!" Kimani anafoka. Anakigeuza kipaza sauti, anakinusa, anakitikisa karibu na sikio. "Mathe, tulia. Haijakufa hii. Imezimia."

"Utaiamsha?" Nduta anauliza.

"Mama Jacky, wewe ni wa mapazia. Niachie spika."

Anafungua skrubu. Rispa amesimama nyuma ya Whitney, ambaye ameomba ruhusa kazini, mkono wake umeshika kola ya sweta ya bintiye. Kifuniko kinatoka. Kimani anamulika ndani kwa tochi ya simu, na mabega yake yanaanza kutikisika. Anaingiza kibano na kuchomoa, taratibu, mende mkubwa aliyekauka, miguu juu, aliyekuwa amelala kati ya waya wa betri na mahali unapogusa.

Halafu kinyozi anasema, "Mzee Luseno. Dawa yako inafanya kazi ama haifanyi?"

"Si amekufa?" Luseno anajibu.

Kicheko kinachofuata kinawatoa mafundi wa mabati kwenye vibanda vyao. Nduta ameinama, anajishika mbavu. Luseno anajaribu kukaza uso na kushindwa. Na Rispa naye anacheka, kichwa nyuma, machozi yakimtoka, kifua kikipanda na kushuka, bila sauti yoyote.

Kimani anakwangua waya, anaulehemu, anarudisha kifuniko. Anabonyeza.

"...njia ya kwao! Hamsini tu, mama, hamsini!"

Soko linapiga makofi.

Alhamisi, vibanda saba vimefungwa. Wenyewe wako kwenye korido ya mahakama jijini, wamevaa nguo za kanisani, Luseno na kipaza sauti chake mapajani kama mtu aliyebeba mtoto kliniki. Askari wa mlangoni amekikagua mara mbili. Mara ya tatu alikuja kuuliza bei ya dawa.

Rispa amevaa gauni la buluu na leso shingoni, inayofunika kovu. Wakati wakisubiri kuitwa, anaeleza atakachofanya na pesa hizo akizipata. Daktari bingwa amemwambia upo upasuaji mdogo wa kuusogeza uzi uliolala karibu na mwenzake. Hautamrudishia sauti ya zamani, lakini atasikika upande wa pili wa meza. Anaogopa kisu. Atakwenda.

Na anataka chumba. Tangu siku ya machozi ya Nduta, wauzaji wameanza kumjia tena. Yeye hutunga maneno, wao husema, naye hukaa mbele yao akiwaongoza kwa mkono: panda, shuka, ngoja, cheka kidogo hapo. Wasichana watatu wa mtaani wameshajifunza kwake.

"Mmoja anaitwa Wakiuru," ananong'ona. "Yule, hata ukimpa chumvi ataiuza baharini. Lakini ana haraka. Namwambia, mwache mteja ageuke kwanza."

Wanaitwa.

Uamuzi wa kesi hiyo haujatolewa. Hakimu ameupangia siku mwezi ujao, na watu wa Kariobangi wanauomba kwa Mungu kila mmoja kwa lugha ya kwao. Lakini ukiwauliza waliokuwa ndani ya chumba kile asubuhi hiyo, wanakueleza mambo mengine.

Wanakueleza jinsi Mzee Luseno alivyowasha kipaza sauti bila kupunguza, na "Panya! Mende! Kunguni!" ikagonga kuta za mahakama hadi karani akadondosha kalamu. Jinsi hakimu, mama wa makamo, alivyouma midomo kwenye "anaaga familia". Jinsi alivyoagiza tangazo lirudiwe, kwa sauti ya chini kidogo, kwa ajili ya kumbukumbu za mahakama.

Wanakueleza Luseno alivyojibu alipoulizwa na wakili wa hospitali kama hangeweza kuuza dawa hiyo kwa sauti yake mwenyewe.

"Nilijaribu wiki mbili, kabla huyu mama hajanirekodia," alisema. "Watu walitoka nje kuuliza nani amefariki. Niliuza pakiti nne."

Na alipoulizwa kwa nini wenzake wote walifuta naye hakufuta, alianza kusema kwamba hajui kubonyeza mashine, akakumbuka ameapa, akaiangalia sakafu.

Lakini zaidi ya yote wanakueleza kilichofuata, Rispa alipoitwa mara ya pili.

Wakili wa hospitali hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani na kuzungumza naye kwa upole. "Mama Rispa, tumesikia, na tumecheka sote. Lakini wewe mwenyewe, ukiwa umesimama hapo hapo, uliulizwa kazi yako na ukasema unapiga kelele. Hayo ni maneno yako. Si yangu."

Rispa akavuta hewa. Kwenye benchi la mbele Nduta, kwa mazoea ya miaka, akainuka nusu na kufungua mdomo ili amjibie. Rispa akamwinulia kiganja. Nduta akakaa.

Hakimu akamwomba karani azime feni. Ikazunguka ikipungua, ikasimama. Watu wakaegemea mbele, mpaka wale wa benchi la mwisho, mpaka askari wa mlangoni.

"Mheshimiwa," alisema Rispa, na ile pumzi yenye mikwaruzo ikafika kila kona ya chumba. "Nilisema kelele kwa sababu niliona haya kujisifu mbele ya watu wenye suti." Akapumzika. Akavuta hewa tena, akainua kidevu, leso ikateleza na kovu likaonekana. "Haikuwa kelele. Ilikuwa kazi yangu. Na Kariobangi nzima, hakuna aliyeifanya kama mimi."